Aliyegoma Kula Nyamule

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja kwa sasa. Lipo kwenye kamati. Lilipelekwa huko ili liangaliwe kama bado linafaa, kamati ikaomba muda zaidi, na sisi wananchi tunaishi bila jina na hatujaona tofauti kubwa. Kodi inakusanywa kama kawaida. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kuna kitu nakificha. Sina cha kuficha. Na kama maelezo yangu yatasikika kama ya mtu mwenye kiungulia, ni kwa sababu ninacho, tangu wiki iliyopita. Daktari wa Wizara amenipa vidonge.

Naitwa Mbwana. Ni Afisa Ukarimu Daraja la Pili katika Mamlaka ya Tathmini ya Mazingira. Nasikia ziko nchi ambako mamlaka ya namna hii huajiri watu wa kupima maji, kupima hewa na kufuatilia ndege. Sisi pia tunaye mmoja wa aina hiyo, kijana msomi sana, na ametusaidia mno kwenye kumenya vitunguu. Waliobaki ni wapishi. Kuna sababu nzuri ya jambo hilo.

Sababu yenyewe ni mila. Tangu enzi za mababu, kwetu mtu akishakula chakula cha nyumba fulani hasemi ubaya wa nyumba hiyo mpaka naye awaalike wenye nyumba wale kwake. Mila hii imeokoa ndoa nyingi na kuwanyamazisha mawifi wengi. Serikali yetu inapenda utamaduni kuliko kitu chochote, basi ikaichukua mila hiyo na kuiingiza katika Kanuni za Tathmini: mtu aliyekula chakula cha mwombaji wa leseni hawezi kutoa pingamizi dhidi ya leseni hiyo, mpaka kwanza amlishe mwombaji.

Msidhani wananchi wamedhulumiwa. Kanuni hiyohiyo inasema pingamizi moja tu, la mwenyeji mmoja tu ambaye hajala, linatosha kusimamisha leseni mpaka ufanyike uchunguzi kamili: maji yapimwe, udongo upimwe, watu watolewe damu na wao wapimwe. Ni sheria kali, wageni huja kutoka mbali kuisifia. Uchunguzi kamili haujawahi kufanyika hata mara moja, kwa sababu katika historia ya Mamlaka yetu hakuna mtu aliyewahi kuondoka na njaa.

*

Mtambo wetu wa umeme wa nyuklia uko kando ya ziwa, mahali panapoitwa Nyamule. Unaangaza mji mkuu mzima, pamoja na chemchemi ya rangi saba iliyo mbele ya Ikulu. Nyamule kwenyewe hakuna umeme. Wataalamu walishaeleza kwamba mtu akiwa karibu mno na chanzo, nyaya humpitia juu.

Leseni ya mtambo huo ilikuwa bado ina miaka kumi na tisa. Hata hivyo Mkurugenzi wake, Dakta Lukindo, alileta maombi ya kuihuisha mapema, iongezwe miaka arobaini mingine. Alikuja mwenyewe mbele ya Jopo la Tathmini, amevaa suti ya rangi ya majani mabichi kwa heshima ya mazingira.

"Watu wanauliza haraka ya nini," alisema. "Waheshimiwa, mwenye nia njema hasubiri. Leo hii ziwa lina hali ya kuridhisha. Samaki wapo. Ni wachache na wana aibu, lakini wapo. Tukisubiri hiyo miaka kumi na tisa, nani anajua tutakuta nini? Na itakuwa ni haki kuuhukumu mtambo kwa mambo ambayo utakuwa umeshayafanya? Mimi naomba mtambo upimwe sasa, wakati bado haujayafanya."

Wajumbe walipiga makofi mpaka karani akafungua madirisha. Mwenyekiti wa Jopo, Bi Kahemele, ni mama makini anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani wa akiba. Aliuliza swali moja tu la kitaalamu.

"Chakula kitakuwa nini?"

"Ng'ombe watatu," Dakta Lukindo alijibu. "Na pilau."

Bi Kahemele akaandika kwamba maombi yanaonesha umakini.

*

Nyamule ni kwetu. Nalisema hili kwa uwazi, na nililisema kwa uwazi hata kazini. Niliulizwa kama nina maslahi binafsi katika shauri hili, nikajibu kwamba nilikozaliwa ni huko, na wazazi wangu wamezikwa huko. Nikaambiwa marehemu hawahesabiwi. Nikasaini.

Ghuba ya Nyamule ndiyo inayopokea maji ya moto yanayotoka mtamboni. Zamani tuliyanywa maji ya ghuba ile. Sasa yana ngozi juu, kama maziwa yaliyopoa, na watoto wakiyaoga wanajikuna mpaka wanatoka vidonda. Katika fomu ya maombi jambo hilo liliandikwa chini ya kichwa cha habari "Manufaa kwa Jamii": huduma ya maji ya moto, saa zote, bila malipo.

Leseni mpya ingekuja na bomba jipya, kubwa kuliko la zamani, na bomba hilo lingepita katikati ya kijiji. Kwa hiyo kijiji kingehama. Watu wangepelekwa Kavuni, uwanda wenye mandhari ya kuvutia sana, maana hakuna mti wala kichaka cha kukuzuia kuona mbali. Maji hakuna, ila yameahidiwa. Makaburi yangebaki ndani ya uzio wa mtambo na mtu angeweza kuyazuru kwa kibali, siku za kazi.

Haya yote niliyajua. Afisa Ukarimu husoma maombi yote, ili akadirie mchele.

*

Siku ya kusikiliza maoni ya wananchi tulifika Nyamule tangu alfajiri. Hema lilisimamishwa pale palipokuwa na soko la samaki, pakubwa na patupu. Ratiba ilikuwa ileile ya siku zote: sala, wimbo wa taifa, chakula, maoni. Wimbo wa taifa tuliuimba vizuri, na pale penye jina la nchi tuliguna.

Watu wa Nyamule si wajinga. Mila wanaijua. Mzee mmoja alisimama akaomba aseme kwanza ndipo ale, na Bi Kahemele akamwonesha ratiba, kwa upole kabisa. Mzee akaitazama ratiba, kisha akayatazama masufuria. Tangu samaki waanze kuona aibu, nyama Nyamule ilikuwa ni kitu cha kusimuliwa. Watoto walikuwa wameshatangulia kwenye foleni, na ukimkatalia mtoto wako nyama ya ng'ombe mbele ya macho yake kwa ajili ya kanuni, sijui wewe ni mzazi wa namna gani. Mzee akachukua sahani. Baada yake wote wakachukua. Walikula wakiwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilizunguka na birika la kunawia mikono. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini nikasema moyoni kwamba wanakula, na kula si jambo baya.

Hapo ndipo nilipomwona shangazi yangu.

Alikuwa amekaa kiti cha mbele, mikono kwenye mapaja, kanga imefungwa sawasawa. Mbele yake hapakuwa na sahani. Shangazi Siwatu ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado sijaanza kutembea. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za wake zangu, ilhali anajua fika kwamba ninaye mmoja. Ndio utani wake.

"Shangazi, huli?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba tu. Endelea na kazi yako, watu wanasubiri maji."

*

Habari za mama mmoja aliyeshiba zililifikia Jopo kabla pilau haijapoa. Sijawahi kuona viongozi wakijali afya ya mwananchi kiasi kile. Dakta Lukindo alikwenda mwenyewe na paja la kuku wa meza kuu, amelishika kwa mikono miwili kama anakabidhi kombe.

"Mama, karibu."

"Ahsante baba, nimeshiba."

"Hata kidogo tu, kwa heshima yangu."

"Heshima yako naiona, baba. Na kuku namwona."

Akarudi nalo. Daktari wa Wizara alitumwa akampime, akaja na majibu kwamba ana upungufu wa pilau. Mpiga ngoma alitumwa akapige karibu naye, kwa kuwa ngoma huongeza hamu ya kula. Shangazi alitikisa mabega kidogo, ngoma ilikuwa nzuri, lakini mikono haikutoka mapajani.

Bi Kahemele akaniita nyuma ya hema. Alikuwa ameivaa miwani yote miwili.

"Mbwana, yule ni ndugu yako?"

"Ni shangazi yangu."

"Ana nini?"

"Ameshiba, Mheshimiwa."

"Mtu mzima ana haki ya kushiba," alisema. "Ila si hadharani. Unaelewa hali ilivyo? Mji mkuu mzima unategemea tumbo la mama mmoja. Chemchemi ya Ikulu inategemea tumbo hilo." Kisha akaendelea kwa sauti ya chini, ya kibinadamu, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. "Daraja la Kwanza limebaki wazi tangu mwezi uliopita. Na la Pili linaweza kubaki wazi vilevile. Wewe ndiye unayejua anachopenda."

Ni kweli nilikuwa najua. Sidhani kama kujua ni kosa.

*

Anachopenda shangazi yangu ni uji wa ulezi, mwepesi, wenye ndimu. Ndio uji alionikuzia. Alikuwa akiupooza kwa kuumimina kutoka bakuli hili kwenda bakuli lile, tena na tena, huku ananisimulia uongo mtupu kuhusu fisi, na mimi nacheka na kumeza bila kujijua. Niliingia jikoni, nikawaondoa wapishi, nikaupika kwa mkono wangu. Unga ulikuwa wa mtambo. Ndimu zilikuwa za mtambo. Niliupooza kwa kuumimina kutoka bakuli hili kwenda lile.

Na kuna jambo ambalo watu wote wa kwetu wanalijua: shangazi hakatai chakula anachopewa kwa mkono wa mtoto wa kaka yake. Akikataa, ni kama amesema mtoto yule si wao. Nililifahamu hilo wakati napika. Ila sikulifikiria sana, nilikuwa naangalia uji usishike chini.

Nilipiga magoti mbele yake, kama inavyotakiwa.

"Shangazi, nimekupikia uji."

Aliliangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu mpaka magoti yakaanza kuniuma.

"Umetumwa?"

"Nimeona tu hujala tangu asubuhi."

"Nimekuuliza kama umetumwa, Mbwana."

Niliona haya, nikatazama chini, na kule chini niliiona miguu yake, imepasuka kwa maji ya ghuba.

"Ukirudi na bakuli hili likiwa limejaa, watakufanya nini?"

"Wanaweza kuniondoa kazini."

"Na watoto bado wanasoma?"

"Wote."

Akavuta pumzi. Hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika.

"Wewe mwenyewe umekula?"

"Bado, shangazi. Tangu asubuhi nahudumia watu, sijapata nafasi."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Haya," akasema. "Lete."

Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka ukaisha, na hema zima likimtazama. Kisha akanirudishia bakuli na kufuta midomo kwa pembe ya kanga.

"Umezidisha ndimu," alisema.

Kule meza kuu Dakta Lukindo alifungua kifungo cha suti. Mpiga ngoma alipewa nyama nyingine.

*

Sasa sehemu ya maoni ikaanza. Bi Kahemele alisimama, akasoma kanuni yote mwanzo hadi mwisho, maana yeye si mtu wa kuruka vifungu. "Mwenyeji yeyote wa Nyamule, kwa kuzaliwa au kwa kuishi, ambaye hajala chakula cha mwombaji, na ana pingamizi, asimame aseme." Kisha akainama kuchukua muhuri, kwa sababu kwa desturi hapo huwa kimya.

Shangazi Siwatu akainuka.

"Mama, wewe umekula," Bi Kahemele alimkumbusha.

"Nimekula, Mheshimiwa. Mimi sina neno tena, na uji ulikuwa mzuri. Nimesimama kusema kwamba yupo mmoja ambaye hajala."

Watu wakageuka kutafutana. Kila mmoja alikuwa na mafuta midomoni.

"Ni huyu hapa mwenye birika," shangazi akasema. "Kitovu chake kimezikwa nyuma ya nyumba yangu. Baba yake na mama yake wamelala pale, hatua chache, mkitoka nje mtayaona makaburi. Maji ya ghuba ameyanywa yakiwa maji. Na tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, nimemuuliza mwenyewe sasa hivi." Akanigeukia. Uso wake haukuwa na lawama yoyote, ulikuwa kama siku ile aliponipeleka shule mara ya kwanza, akanisukuma kidogo mgongoni na kubaki mlangoni. "Sema, mwanangu."

Akakaa.

Bi Kahemele alibadilisha miwani. Alifungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma. Nilidhani atasema afisa wa Mamlaka haruhusiwi. Nilimwomba Mungu aseme hivyo.

"Kanuni hazimkatazi," alisema hatimaye, na ningeweza kuapa kwamba alilisema hilo kwa matumaini. "Afisa Mbwana. Una pingamizi?"

Walikuwa wananitazama wote, mzee wa ratiba, wanawake, watoto na mikono yao yenye vidonda imeshika mifupa. Nilikuwa nayo maneno. Hayakuwa mengi, lilihitajika moja tu: ninalo. Mtambo usingezimwa, mji mkuu usingeingia gizani, bado kulikuwa na miaka kumi na tisa. Yangepimwa maji tu. Wangepimwa watoto.

Nilifungua mdomo.

Ndipo Dakta Lukindo alipoinuka kutoka meza kuu, akaja polepole mpaka niliposimama, akiwa na sahani. Hakuonekana mtu mbaya hata kidogo.

"Bwana Mbwana," alisema, "umetuhudumia sote, umejisahau. Pole na kazi. Karibu chakula."

Ningependa wananchi waelewe kwamba sahani ilikuwa karibu sana. Ningependa waelewe pia kwamba mdomo ulikuwa tayari umeshafunguliwa, kwa shughuli nyingine, na kwamba mtu aliyeamka kabla ya alfajiri, akashinda anasikia harufu ya pilau, ana haki zake za kimaumbile. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilichukua kipande kimoja cha nyama, si kikubwa, nikakiweka mdomoni.

Kilikuwa kigumu. Nilikitafuna kwa muda mrefu, na hakikutaka kushuka. Macho yalinitoka machozi, nadhani kwa sababu ya pilipili, ingawa pilipili haikuwekwa. Bi Kahemele alivua miwani yote miwili akaiweka mezani. Kisha nikasikia muhuri ukigonga.

Shangazi Siwatu alikuja na kikombe cha maji, akanishikisha, akasimama kando yangu akinipigapiga mgongoni kwa kiganja, pale katikati ya mabega, kama anavyopigwa mtoto mdogo.

"Kunywa," alisema. "Usije ukapaliwa, mwanangu."

Nyama ilikuwa nzuri. Nimeulizwa na wengi tangu siku ile, hata na mke wangu, na jibu langu ni hilohilo. Nyama ilikuwa nzuri sana, na kwa sasa siwezi kusema vinginevyo.